Fundo la Upande wa Fukayosi

Kibwana, mtani wangu, Mkwere usiye na adabu hata huko uliko,

Pwani yote hii, Bagamoyo mpaka Saadani, hakuna mwenye bahati kama mimi. Yule Mwingereza wetu, mkusanya wanyama, amenifanya mkalimani wake. Nina kanzu mpya, nakalia kiti, nakimwaga Kiingereza mpaka Wahindi wanaacha maduka yao waje kusikiliza. Jua likizama nalala fofofo. Najua ungesema: "Mzigua akipewa kiti, husahau kuwa ana miguu."

Nakuandikia kwa herufi za chuo cha Kurani, zile nilizozikimbia kabla mwalimu hajanimaliza. Ukiona makosa usiwachekeshe jirani zako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimpelekea Mwingereza mitego yetu aandike majina daftarini? Sisi tuna tanzi, tuna wavu, tuna rima la kuchimba, tuna ulimbo wa ndege, tukadhani tumemaliza. Yeye akafungua gunia lake. Trapu, mtego wowote. Neti, wavu. Sinea, tanzi la kamba. Webu, nyumba ya buibui. Nuzi, kitanzi cha shingo, na alipolitaja hilo alijikaba mwenyewe akatoa ulimi, ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaninong'oneza: "Mtani, watu wenye majina mengi hivi ya kunasa, wanataka kunasa nini?" Nilikuwa nayameza maneno yale kama halua. Wewe hukuyataka. Ulisema digidigi hajui Kiingereza na ananasa vilevile.

Sasa nisikilize.

Ulikuwa umekwenda kwenu Fukayosi siku mbili. Nguruwe walikuwa wakimaliza muhogo, nami nikachimba rima peke yangu, pale njia ya Fukayosi. Nikasimamisha ndani miti iliyochongwa, nikafunika kwa majani. Sheria ulinifundisha wewe: mwenye rima hufunga fundo la majani pande zote mbili za njia, mpita njia alione azunguke. Nikafunga la upande wa Bagamoyo. Mara Mwingereza akaniita, amekumbuka jina la rima. Pitifoli. Nikakaa hemani kwake nikilisema, nikilirudia, yeye akinisifu, mimi nikivimba kama chura. Upande wa Fukayosi sikwenda.

Asubuhi nilimsikia kanga kabla sijakuona. Alikuwa akilia chini ya ardhi, ndani ya rima langu. Ulikuwa unaniletea, miguu yake umeifunga vizuri, hajavunjika hata unyoya. Mwili wako ulikuwa umekwisha kupoa.

Kibwana, kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla ya kuita watu nilikwenda upande wa Fukayosi nikafunga fundo. Likafunguka. Nikalifunga tena. Watu walipokuja wakaona mafundo mawili, huku na huku, wakatikisa vichwa: fundi wa mitego mzima, hata fundo hakuliona!

Na maziko yako. Unajua kazi ya mtani mazikoni. Niliruka kaburini nikajilaza, nikasema sitoki mpaka nilipwe haki yangu. Nikapiga kelele: "Ewe fundi wa kunasa, leo macho umemwazima nani?" Watu wakacheka. Mama yako akacheka machozi yakimchuruzika, akanipa kuku, nitoke, uzikwe. Nikamla kuku yule. Nilimla, Kibwana, na mifupa nikaivunja.

Tangu hapo neno lile la kwangu limeota miguu. Mtu akijikwaa Fukayosi huambiwa, "Una macho ya Kibwana?" Mama yako hulisikia kisimani, hulisikia shambani. Amekonda. Juzi nilimkuta, nikamwamkia, akaniitikia kwa upole, akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyemjua zaidi, alikuwa anaumwa macho akanificha?" Nikamwambia sijui. Mimi huyu, mwenye jibu la kila kitu, nikamwambia sijui, nikaenda nyuma ya mihogo nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Ulikuwa na macho ya kipanga. Nani asiyejua? Ulikuwa unaona unyayo wa paa juu ya mwamba.

Ijumaa hii, swala ikisha, nakwenda Fukayosi. Nitamkalisha mama yako pamoja na wazee wenu, nami nitasema: fundo la upande wenu nililifunga mimi, na Kibwana alikuwa amekwisha kufa. Wakinipiga, na wapige. Mama yako akinifukuza nitakaa nje ya ua wake mpaka akubali nimlimie shamba lako, na kila mwaka nitalilima. Na nikimsikia mtu akilitaja jina lako kwa dhihaka, nitamsimamisha palepale nimweleze kosa ni la nani. Nakuahidi, na safari hii si utani.

Lala, ndugu yangu. Mola akupanulie hapo ulipo, asikubane hata kidogo.

Na habari ya ukalimani ni uongo. Mwingereza alikwenda bara bila mimi, maana tangu siku ile akiniuliza neno kinywa hakifunguki. Kanzu ni ileile ya zamani. Sina bahati yoyote, na silali.