Kizibo cha Dipanda

Rumonge, mwezi wa nane, 1974

Kwa Yaya Mwanvua, dada yangu mkubwa, huko Ujiji,

Amahoro, Yaya, na salamu nyingi kama ndagala wa mwezi mwema. Mimi mdogo wako Uledi niko muzima, nimenenepa, na masharubu yameanza kuota. Mama anasema ni masizi ya chungu, usimsikilize. Yeye mwenyewe hajambo, mgongo tu ndio unamsumbua akikamua mawese. Na wewe je, kifua kimepoa? Barua hii amekuletea shangazi Aziza. Mkalishe, mpe maji, lakini usimuulize amevuka na chombo gani. Nimemwapisha asiseme mpaka umalize kusoma. Nakujua, huwa unarukia mwisho. Usiruke.

Kwanza murakoze. Sabuni na ndoano ulizotuma zimefika. Tena asante kubwa kuliko hiyo ni ya kunifundisha kuandika kwa kijiti mchangani, wakati mwalimu wa darasa la tatu alipochoka na mimi, ingawa mimi nilitangulia kuchoka naye. Leo soko zima linakuja niliandikie barua, wananiita karani. Ukiona makosa humu ndani, ni ya kalamu.

Sasa shika kiti. Dipanda imepatikana! Ndiyo, boti ile ile ya Baba, Mungu amrehemu, aliyoijenga mwaka wa uhuru akaipa jina hilo la uhuru kwa kinywa cha Wakongo, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa msikiti, na wewe ukamwandikia jina ubavuni. Mwaka huu ziwa limerudi nyuma, na kule Minago kwenye matete nikaona pua yake imetoka majini kama kiboko anayepumua. Watu wangapi walipita hapo na ndoo zao? Macho yaliyoona ni ya Uledi.

Ilikuwa imejaa mawe. Mimi nikasema mawimbi ndiyo yameyaleta. Mama akaniuliza tangu lini mawimbi yanatandika magunia kwanza, ndipo yapange mawe. Kweli, chini kulikuwa na magunia, mbao zisichubuke. Nikamwambia mawimbi ya Minago yana adabu. Hakucheka.

Unajua sote tulichoamini. Mwezi wa tano wa mwaka juzi, mwaka ule wa watu kukimbia, ambao sitauandika sana kwa sababu barua nayo ina masikio, tulikubaliana na Mulamba, baharia wa Baba na mchumba wako, atungoje palepale Minago na Dipanda atuvushe hadi Ujiji. Tukafika asubuhi, tukakaa mpaka jua likawa utosini. Hakuna boti, hakuna Mulamba. Ukapatikana mtumbwi wa watu wengine, una nafasi ya mtu mmoja tu, Mama akakusukuma wewe. Ulipokuwa unaondoka ulisema Mulamba amekwenda Kongo kuuza boti ya marehemu, na jina lake lisitajwe tena mbele yako. Tangu hapo kila posa inayokuja huko unaikataa. Mimi nilimtaja sana, ila kwa matusi.

Basi nikajifanya fundi. Nikaivuta boti nchi kavu, nikaianika kama samaki. Ikakauka, mbao zikaachana, ungepitisha kidole katikati. Nikafurahi! Nikaloweka pamba kwenye mawese, nikashindilia kwa nyundo na patasi mpaka boti ikanona kama mto wa bibi harusi. Nikaita watu waje waone kazi. Tukaisukuma majini, mbao zikanywa maji, zikavimba, pamba ikakosa pa kwenda. Ubao mmoja ukaruka na misumari yake, paa! Nikaketi majini mbele ya wasichana wa Rumonge. Mpaka leo wananiita Kapiteni, na si kwa heshima.

Kesho yake nikakuta mtu anachomoa pamba yangu. Mwembamba, mguu mmoja anauburuta. Nilimtambua kwa mabega: Mulamba. Nikashika nyundo nikamwita mwizi, na maneno mengine uliyonikataza kuandika. Aliniuliza tu kama nimekiona kizibo cha tundu la kutolea maji. Nikamwambia nimeziba kwa gunzi la mahindi, kwani kizibo kilikwenda na mwizi. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya taruma la nyuma, ile mbao ya ubavu wa boti, bila hata kuangalia, akatoa kizibo. Kilikuwa kimefungwa hapo kwa uzi wa nyavu, fundo juu ya fundo, kisipotee.

Yaya, nyundo ilinitoka mkononi. Nani anaiba boti halafu anaifungia kizibo chake?

Akaniambia asubuhi ile wenye bunduki walikuwa wanapita ufukweni wakichukua kila chombo kinachoelea. Akaona heri Dipanda isielee. Akatandika magunia, akapanga mawe, akachomoa kizibo. Kisha akaja kwa miguu kutuita tusaidiane kuiinua, akashikwa barabarani. Walimfungia Bujumbura mpaka mwaka huu, na mguu umeharibikia huko. Nikamuuliza kwa nini hakutuma hata neno. Akasema kule ndani aliogopa kulitaja jina la nyumba yetu, wasije wakatufuata.

Mama alimpikia samaki wa mukeke, akalia juu ya sahani. Mimi nilimwomba radhi kwa kifupi, kama mwanaume. Alicheka, akasema boti si godoro. Tukaizamisha tena, mbao zinywe kwanza, ndipo tukatia pamba kidogo kidogo. Misumari yote aliniachia mimi, na akija mtu anasema fundi ni Uledi. Namshukuru Mungu kwa huyo mtu. Rangi ni mpya, lakini jina hakukubali nilifute. Alifuata mkono wako herufi kwa herufi, hata ile N uliyoigeuza. Na wewe ndiye uliyekuwa unanichapa kwa kukosea herufi!

Sasa nakwambia. Shangazi Aziza amevuka na Dipanda. Iko hapo chini ufukweni, na Mulamba amekaa ndani. Aliniomba niandike tu kwamba boti ya Baba imerudi kwa wenyewe. Haya mengine ni ukaidi wangu. Ameapa hataikanyaga nchi ya Ujiji mpaka umwite, na usipomwita atageuza pua arudi.

Kwenye pindo la kanga ya shangazi kuna kile kizibo. Boti tumeichongea kingine. Ukitaka ashuke, teremka nacho mkononi, huna haja ya kusema. Usipotaka, mwachie shangazi akirudishe, wala hakuna atakayekulaumu hapa nyumbani. Mimi nitanuna tu kidogo.

Mama anakusalimu na kukuombea. Majirani wa Rumonge wanakusalimu pia. Ila fanya upesi, Yaya, mguu unamuuma akikaa sana.

Ni mimi mdogo wako,
Uledi, fundi wa Dipanda