Waliomwandika Biasha Kuwa Anashinda Amekaa

Kijiji cha Ujamaa,
Njia ya Somanga, Kilwa.
3 Agosti 1975

Mwanangu mpendwa Huseni,

Marahaba, maana najua shikamoo ndiyo neno lako la kwanza ukishika barua yangu. Kifua kimepoa? Huko Kilombero kwenye miwa nasikia umande ni mkali. Vaa lile sweta. Sisi wazima, alhamdulillahi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kisomo cha watu wazima kimenifaa. Herufi zikikaa upande usicheke, leo naandika kwa hasira.

Wamekuja wataalamu kutoka mjini. Wanataka kujua watu wa kijijini hutumia nguvu kiasi gani kwa siku, na kama maswali yao yanafaa kupima jambo hilo. Kijana wao, Valentini, ana adabu, sikatai. Aliketi barazani kwetu akamwuliza mkeo Biasha kama anatembea sana, kama anabeba mizigo, kama anatwanga. Nami nipo pembeni nasuka ukili wa mkeka. Hebu niambie, mke gani mwenye malezi atahesabu taabu zake mbele ya mama mkwe? Itakuwa anaisema nyumba. Biasha akajibu kwamba anashukuru, hana kazi nzito, anashinda amekaa tu. Wakaandika.

Baada ya majuma mawili wakarudi na maswali yaleyale. Nami nimeketi palepale, naye akajibu vilevile. Wakafurahi mno! Eti majibu yamelingana, basi maswali ni mazuri.

Wakampa na kidude cha duara, mfano wa saa, avae kiunoni kimhesabie hatua. Biasha alipokiona kinang'aa, tena mali ya serikali, alikifunga kwenye kitambaa akakitia sandukuni kisije kikatumbukia kisimani. Mimi nikamsifu kwa kutunza amana ya watu. Siku ya kukirudisha wataalamu wakakisoma, wakatabasamu: kidude nacho kinasema amekaa. Hakuna aliyeuliza kililala wapi.

Ningecheka, wallahi, kama karatasi zile zisingefika kwa mwenyekiti Abdala. Kaona Biasha ana nafasi, kamtia kwenye kikosi cha kufyeka shamba jipya la korosho la kijiji, kutwa nzima, na mimba ya miezi mitano tumboni. Na ya kwanza unajua ilitoka. Nikamwendea moto umeniwaka. Alinijibu hivi:

"Mama, mtu kasema mara mbili na chombo kimethibitisha. Unabishana na nani?"

Na mimi ninayekaa naye nyumba moja, sihesabiki?

Nikamfuata Valentini kabla gari lao halijaondoka, nikamwambia aje aulize tena. Akaja. Biasha akanitupia jicho, akaanza kulekule, nashukuru, nashinda nimekaa. Nikainuka. Nikakusanya ukili wangu nikaenda kukaa nyuma ya jiko, nikakohoa ili ajue sipo tena karibu.

Ndipo akasema. Alisema mpaka jua likapanda. Nilisikia kinu, kuni, shamba la muhogo, maji ya nyumba nzima. Kisha nikasikia kwamba ile mimba ya kwanza ilianza kumtoka njia ya kisimani. Akarudi na ndoo kichwani, akatwanga, akatupikia, na jioni ndipo alipomwambia mumewe tumbo linamuuma.

Valentini alikwenda mwenyewe kwa Abdala, na jina la Biasha limeondolewa mpaka ajifungue. Hilo limekwisha.

La kwako halijakwisha. Wewe ndiye uliyenijia asubuhi ile ukaniambia mimba imemtoka akiwa amelala. Nilikuamini, na siku ya tatu nikamwacha arudi kisimani. Roho inaniuma, Huseni. Ulijua, ukanificha? Usinijibu kwa barua, wala usiniambie kazi ni nyingi. Omba ruhusa, uje uniambie macho kwa macho. Na ukifika, kabla hujaketi, utachukua ndoo uende kisimani.

Ami yako Dadi wa Sudi anakusalimu, na shangazi yako Sikudhani pia. Biasha anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia haya. Mwenyezi Mungu akukinge na panga la miwa, akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata leo nikiwa na hasira,

Somoe Likwata