Miti Saba Juu ya Bomba

Jumatatu, 4 Machi
Choo kimegoma. Nimevuta maji, yakapanda badala ya kushuka — yakanifukuza mpaka mlangoni. Sinki la jikoni nalo linagugumia. Na Baba Watoto anaruhusiwa hospitali Jumamosi, na nyonga ya bandia, magongo mawili. Daktari kasema asichuchumae. Nimemwambia kwa simu nyumbani hakuna neno. Mungu anisamehe. Nashukuru tu haikutokea yeye akiwa humu ndani.

Jumanne, 5 Machi
Gari la kunyonya limekuja, limenyonya shimo lote. Dereva kasema shimo ni zima, ubaya uko mbele, kwenye bomba linalotoa maji kwenda mitini. Basi nikashika jembe nikaenda porini kujisaidia, na miaka yangu sitini na moja. Mvua ikanikuta huko huko.

Narudi nimelowa, namkuta wifi kasimama kwenye baraza yangu. Dada yake Baba Watoto, hatua sitini kutoka kwangu, na miaka tisa hatuna zaidi ya salamu. Harufu imemfikia. Kasema mlango wake wa nyuma hauna kufuli, na choo nakijua kilipo. Akaenda zake. Hakungoja hata nikatae.

Jumatano, 6 Machi
Nilijikaza mpaka saa nne asubuhi, halafu mwili ukaamua. Nikaenda.

Kaniwekea ndoo ya maji ya moto. Sabuni mpya, haijatolewa karatasi. Kandambili — namba yangu hasa. Nililia kidogo mle ndani, nikafungua maji asinisikie.

Na nilinuna kwa lipi? Alisema mbele ya wageni kwamba kaka yake amekonda, labda kwangu chakula hunuswa tu. Utani wa mawifi. Mimi nikapanda miti saba kati ya nyumba zetu, nisimwone hata kivuli. Ikastawi upesi ajabu. Nikajisifu nina mkono wa kupanda.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi bomba kachimba tangu asubuhi. Kavuta mizizi kutoka ndani ya bomba, mirefu, kama msuko uliofumuliwa. Akauliza ni nani aliyepanda miti juu ya bomba la maji taka. Nikasema, mtu mmoja mjinga. Yuko wapi? Unaongea naye. Alicheka mpaka akakaa kwenye udongo.

Kumbe ule mkono wa kupanda ni maji ya choo. Yote saba inang'oka kesho, na bomba jipya linaingia hapo hapo. Nimemshukuru fundi mpaka akaona haya.

Jioni nikamwambia wifi miti inaondoka. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho. Kasema vizuri, zamani akiona shati la kaka yake kwenye kamba anajua mzima. Safari hii habari za kulazwa kwake kaambiwa na mwenye duka.

Nikasema asante kwa maji ya moto.

Ijumaa, 8 Machi
Imelala yote. Bomba limefukiwa. Nimevuta maji mara tano kwa raha tu, yanashuka, yanashuka. Asante Mungu, asante fundi, asante dereva wa lile gari.

Jikoni kwangu kumeingia mwanga. Naliona dirisha la wifi. Leo sikwenda kwake, sina tena sababu ya kwenda, na hilo linanisumbua kuliko choo. Nimepita dukani mara moja.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefua mashati mawili ya Baba Watoto, yalikuwa safi tayari, nikayaanika. Choo kimesuguliwa. Kiti kirefu kimewekwa. Kwenye mlango wa nyuma kuna kandambili mpya — pana, namba saba. Mguu wa wifi na mimi naukumbuka.

Gari linaingia. Namsikia Baba Watoto anamuuliza dereva miti imekwenda wapi. Na wifi katoka, kavaa nguo ya kutokea, kasimama pale pale miti ilipokuwa. Hasogei. Anangoja aitwe, na ni haki yake.

Kwanza nitamwita kwa jina au nitasema wifi? Mikono bado inanukia sabuni. Naweka kalamu, natoka hivi hivi