Jibu Alilotoa Baba Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 1996

Sare za shule kutwa nzima. Barazani kwa Mama Dhanbai joto, cherehani inakata uzi. Mchana nikaitwa na wakili wetu wa rufaa, Urvi, ofisini kwake juu ya duka la vipuri. Katoka gereza la Butimba kumwona mume wangu. Kalisti mzima, anakohoa kidogo. Hukumu ni ileile — kunyongwa.

Wakili akaniuliza: kabla ya kesi, serikali ilikuwa tayari kufuta shtaka la mauaji kama Kalisti angekiri kuua bila kukusudia. Angefungwa miaka, angerudi nyumbani. Kwa nini alikataa?

Nikamwambia hilo amwulize Kalisti.

Akasema ameshamwuliza. Kalisti ndiyo kwanza anasikia habari hiyo. Juzi! Gerezani!

Nimerudi kwenye cherehani. Nimeshona mfuko wa shati upande wa ndani, nikafumua.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekumbuka. Mwaka juzi, Maganzo, kwa baba mkwe, mzee Jilala. Wakili wa kwanza, Marwa, alikuja na suti imejaa vumbi. Nilikuwa nawanawisha mikono. Akaeleza habari ya kukiri kosa dogo — akamweleza mzee. Mzee ndiye mkubwa wa familia, ndiye aliyemtafuta wakili. Mzee akasema kwenye ukoo wake hakuna mtu aliyewahi kukiri kuua. Marwa akajibu, sawa mzee, nimekuelewa. Akala, akasifu kuku, akaenda zake. Mimi nikajua bado atakwenda mahabusu kumwuliza mwenyewe.

Hakwenda. Basi! Maisha ya mtu yamejibiwa kwenye sinia la ugali.

Na Kalisti hajawahi kukana kwamba alimsukuma mwenzake kule machimboni Kharumwa. Waligombea mfuko wa mawe ya dhahabu, yule akatumbukia shimoni. Angeulizwa angesema ndiyo. Namjua.

Nina hasira. Sijui nianze na nani.

Jumatano, 17 Julai

Marwa kagoma kuandika chochote. Ati alifuata maelekezo ya mteja. Mteja gani?

Wakili Urvi anataka viapo vya maandishi vya waliosikia. Waliosikia ni wawili, mimi na mzee. Kasema neno langu peke yake ni jepesi, mke lazima amtetee mumewe. La mzee ndilo lenye uzito. Bila hilo rufaa haina miguu, na Kalisti ananyongwa.

Mimi nikamwambie baba mkwe kwamba alikosea! Mimi ambaye hata usoni simtazami nikimsalimia.

Mama Dhanbai kasema niende, na sare zinisubiri. Halafu akauliza zitakuwa tayari lini.

Jumanne, 23 Julai

Maganzo. Nikapiga magoti. Shikamoo baba. Marahaba mayu — mama, kwa Kisukuma chake. Nikaeleza yote huku natazama mkeka. Akauliza kama mwanetu Onesmo anasoma vizuri. Nikasema anasoma. Akaondoka kwenda kwa ng'ombe.

Ndiyo safari yangu hiyo.

Ijumaa, 26 Julai

Nilikuwa kwa wakili, kiapo changu kimeshachapwa, kalamu mkononi. Hodi — mzee! Koti la kanisani, kandambili miguuni. Akakaa. Akaniambia, nisomee ulichoandika nimesema.

Nikasoma. Nilisoma kwa kunong'ona, akataka nianze upya. Nikaanza upya. Ukoo, kukiri, sawa mzee, yote.

Akasema hakijatimia. Nilipotoka kumwaga yale maji ya kunawa, Marwa alimwuliza tena, mzee una hakika? Naye akamjibu, afadhali anyongwe kuliko akiri.

Akatuambia, andikeni na hilo.

Kumbe!

Wakili akachapa mwenyewe, kiapo cha mzee, mashine ikawa inapiga kelele peke yake. Akamsomea. Mzee akauliza kama Kalisti ataonyeshwa. Wakili akasema lazima, rufaa ni yake, atapewa nakala. Mzee akaomba wino, akachovya dole gumba, lakini karatasi hakuigusa. Halafu akasema, mayu, toka nje kidogo.

Niko kwenye benchi koridoni, naandika juu ya mkoba. Mlango umefungwa. Hakuna sauti, feni tu. Kwa joto hili wino haukawii kukauka kidoleni.