Nafasi ya Vumilia Kwenye Mkataba Wetu

Yoba, Gitega
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Leonardi,

Amani ya Bwana ikukute huko Muyinga. Mgongo unaendeleaje? Wifi Josefina ameshaanza kupanda maharage? Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mama yuko salama Itaba, ila miguu inamsumbua, na analalamika kwamba humpigii simu.

Barua yako niliipata. Unasema wenzako wa kiwanda cha mbao wanataka kuunda sendika, chama cha wafanyakazi, na umeuliza sisi wachambuaji wa kahawa tuliupataje mkataba wetu wa kwanza. Ningekujibu mapema, lakini kaka, nimechoka. Nikitoka kazini nakaa tu kwenye mkeka, hata chakula sikitamani.

Mambo yalianzia kwa Vumilia, tuliyekuwa tukichambua naye meza moja. Alikwenda kujifungua. Aliporudi alikuta mtu mwingine ameketi mahali pake, na kapita, msimamizi wetu, akamwambia mfanyakazi wa msimu hawekewi nafasi. Akarudi kwao Bugendana na mtoto mgongoni. Tulioona hayo ndio tulioingia sendika kwa wingi. Mimi nilichaguliwa kwenda kuzungumza na wakubwa, pamoja na Adriano, fundi wa mashine.

Usidhani mazungumzo ni kupiga kelele. Ni kungoja. Mnaitwa, mnavaa vizuri, mnaambiwa mkurugenzi amekwenda Bujumbura. Mkimpata anawapa chai, anasifu kazi yenu, anasema atafikiri. Maski za vumbi na vyoo alivikubali kwa shida, kama mtu anayeng'olewa meno. Kuhusu waliojifungua alisema watarudishwa kazini, lakini wale wa kudumu tu.

Baadaye akaniita peke yangu, akataka kunipa ukapita. Unajua paa langu linavyovuja. Hata hivyo nilikataa. Nilipotoka nilimweleza Adriano yote, asije akayasikia kwa wengine.

Naye alikuwa amelegea. "Mi nimechoka, Kasilda. Tusaini tu hii iko. Ingine tutaona mbele."

"Na Vumilia tumwambie nini?"

"We unafikiri mi sina roho?"

Tukaona tuwaulize wanachama. Tulikutana nyuma ya ghala, tukawaeleza bila kuficha. Niliogopa, maana wa kudumu walikuwa wameshapata chao. Ndipo Emerensiana, mama wa kudumu aliyezeekea kiwandani, akauliza, "Huyo mwenye alizaa, mikono yake ilibaki kwa hospitali?" Watu wakacheka, kisha wakapiga kura ya kukataa.

Tangu kesho yake tulikuja kazini tukaketi mbele ya kahawa bila kugusa punje. Malori yalipoanza kupanga foleni, mkurugenzi alimwita mkaguzi wa kazi wa serikali, na mbele yake tukakubaliana: aliyejifungua, awe wa kudumu au wa msimu, anarudi mahali pake. Kwa wa msimu wanaougua, ambao nao tulitaka warudishiwe nafasi, hatukupata kitu, na hilo linaniuma. Tukasaini. Hakuna aliyeimba.

Nilikwenda mwenyewe Bugendana kumwita Vumilia. Nilimkuta akichimba mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na mtoto nitamwacha wapi?"

Miezi yote ile hatukuwahi kulitaja suala la watoto mbele ya mkurugenzi. Mama yake ndiye aliyenyoosha mikono akampokea mtoto, akasema, "Nenda, msimu usikupite."

Jumatatu Vumilia aliketi kando yangu, akaanza kuchambua. Nilidhani ningefurahi hadi kulia. Niliinamisha tu kichwa, tukachambua.

Basi waambie wenzako waanze, lakini wawaulize kwanza akina mama na vibarua, tena wawaulize sana, kabla ya kumwona patroni, mkubwa wa kiwanda chenu. Na wewe akikuita peke yako, usiende.

Nisalimie wifi, watoto, na shangazi Gaudensia. Mungu awape mvua ya kutosha na usingizi mzuri. Mimi huo wa pili ndio ninaouomba zaidi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kasilda