Koti la Kijivu Ulilozikwa Nalo

Fundi,

Watu wa Gatitu bado wanakusifu. Wanasema hakuna mkono uliokata kitambaa kama wako, na ni kweli. Wao walizijua nguo ulizomaliza. Mimi, mwanafunzi wako, nilikaa kibandani na zile ambazo hukumaliza.

Nianze na maziko, maana hukuyaona. Mkeo, Mama Wanjiru, alifungua sanduku akatoa lile koti la kijivu, kitambaa ulichonunua mwaka wa Uhuru ukisema utakivaa sherehe ya Madaraka. Sherehe zikaja, zikapita, zikaja tena. Koti halikuwa na bitana, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshikizwa tu kwa uzi mweupe wa muda. Nikamwambia, "Mama, niachie leo. Kesho asubuhi litakuwa tayari."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Wewe pia usiniambie mambo ya kesho. Mvalishe hivyo hivyo. Hiyo ndiyo kazi yake, wacha aende nayo."

Nikakuvalisha, Fundi. Zile nyuzi zilionekana hata kwa waliosimama mlangoni.

Muthoni wa Kiganjo naye alikuja. Sikudhani angekuja. Ni yule uliyemwahidi gauni la harusi Ijumaa, kisha ukashinda Ijumaa nzima ukisikiliza redio na kupiga soga na wapita njia. Jumamosi asubuhi alisimama verandani, nywele zimeshatengenezwa, akauliza, "Fundi, nguo yangu iko wapi?" Ukamwonyesha vipande mezani. Ukathubutu kumwambia, "Ati harusi si ni saa nne? Ngoja kidogo." Akaolewa na gauni la dada yake, limebanwa kwa pini mgongoni, na kwenye picha amefunga mdomo kabisa.

Basi akasimama kando ya jeneza lako. Akagusa mkono wa koti kwa kidole, uzi mmoja ukakatika. Akasema polepole, lakini wote tulisikia: "Hata wewe mwenyewe hukujishonea." Hakuna aliyemkemea. Mchungaji alikohoa tu.

Na wangemkemea kwa nini? Wote tulijua jinsi ulivyokufa. Ule uvimbe wa tumboni ulinionyesha wakati wa mvua ndefu. Nikakuomba twende hospitali mjini, hata kwa miguu tungefika. "Nikimaliza sare za shule," ukasema. Sare zikaisha, ikawa, "Tupitishe Krismasi kwanza." Daktari alipokugusa mwishowe, hakuuliza kama unaumwa. Aliuliza, "Mlikuwa wapi?" Ukanigeukia mimi nikujibie. Mimi, Fundi!

Sasa kibanda ninakiendesha mimi. Mwanzoni nilikuwa kama wewe tu. Nikipewa koti, nilikimbilia kushona vifungo vya shati la mtu mwingine. Hapo ndipo nilipokuelewa. Hukuwa mvivu. Kola ilikutisha. Uliogopa kukosea mahali pagumu, ukajificha kwenye kazi rahisi, na siku ikaisha ukiwa umechoka kama mtu aliyefanya kazi. Nilipolielewa hilo nililia. Lakini sikukusamehe.

Nikaanza kufanya tofauti. Asubuhi, kabla sijafungua redio, nafanya ile kazi ninayoiogopa zaidi. Koti silitazami zima, lisije likaniangukia kama mlima. Leo nakata, kesho kola, keshokutwa mikono. Nimenunua saa ya kengele. Naitega, nashona bila kuinua kichwa hadi ilie, kisha nanyoosha mgongo na kunywa chai. Nguo haiondoki mezani kabla haijaisha. Na mteja akitaka nguo siku ambayo najua sitaweza, namwambia sitaweza. Wengine hukasirika, wakaenda kwa mafundi wengine. Waende. Wewe hukumkatalia mtu hata mmoja, na ndivyo ulivyowaumiza wote.

Mwezi uliopita Mama Wanjiru aliniletea kitambaa cha buluu. Wanjiru wenu anamaliza masomo ya unesi, na mama yake alitaka gauni la siku hiyo. Nikamwambia aje Alhamisi. Alhamisi akaja na kiondo, kikapu anachosuka, akavuta stuli verandani, akaanza kusuka bila hata kuniuliza. Alikuja akiwa amejitayarisha kungoja. Nikamtolea gauni, limepigwa pasi, vifungo vyote mahali pake.

Aliacha kusuka. Akageuza gauni nje ndani, akakagua mshono kwa mshono, akitafuta uzi mweupe. Hakuupata. Akalilaza gauni mapajani, akasema, "Kumbe inawezekana. Miaka yote hiyo aliniambia haiwezekani."

Akalia. Nisikudanganye, Fundi: hakukulilia wewe. Alijililia mwenyewe, miaka aliyokaa akikungoja.

Nakuaga sasa. Ulinifundisha kushika mkasi, na kwa hilo nitakuheshimu mpaka nami nizikwe. Kaburi lako limeota magugu. Ndugu zako wanasema watakuja kulisafisha mvua ikipungua. Mimi nitakuja Jumamosi hii asubuhi, na jembe, mvua inyeshe isinyeshe. Nitapalilia hadi pembe ya mwisho, kisha nitarudi kazini.

Lala, Fundi. Huna tena wa kumwahidi.

Ni mimi,
Nyambura