Shokapu za Bloku ya Tisa

Shamba la Ngano,
Basotu, Hanang.
26 Aprili, 1992

Kwako Dada Fabiola,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, na naomba barua hii iwakute nanyi mkiwa wazima, wewe na shemeji Nikolausi na watoto wote. Mgongo wa shemeji umepoa? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akikataa kukamuliwa, ameshazaa au bado anawatesa? Huku mvua imenyesha siku nane mfululizo, ngano imefika magotini, na mimi sijambo, ila situlii. Barua hii nimeianza mara tatu. Zote tatu nimewashia jiko.

Hela ya vitunguu saumu uliyompa Perpetua ilinifikia yote, imefungwa kwenye leso yako kwa mafundo manne. Nilicheka nilipoyaona, nikakumbuka unavyofunga vitu kana kwamba dunia nzima ni wezi. Uliuliza shokapu ni kitu gani, na kwa nini mtu mzima mwenye mshahara wa serikali anunue kifaa cha mashine ya serikali kwa hela ya dada yake. Una haki ya kuuliza. Nitakueleza yote, hata yale ambayo hukuuliza, lakini uniache nianze na shokapu, maana nikianza na lile jingine, karatasi hii nayo nitaichana.

Ni hivi. Wazungu wa mradi walipoondoka waliacha pikipiki moja ya magurudumu manne, na sisi tukaiita Chura kwa jinsi inavyoruka. Tangu niache trekta, kazi yangu ni kuzunguka bloku zote na Chura nikiangalia ndege, magugu na ugonjwa wa kutu kwenye ngano, kisha jioni natoa ripoti kwa meneja. Mwezi wa pili shokapu za nyuma zikafa. Hizo ni miguu ya chuma yenye springi nje na mafuta ndani, inayozuia mashine isikurushe. Zikifa, kila tuta unalipokea kwa kiuno. Stoo hakuna kitu siku hizi, hata grisi tunaomba. Meneja aliniambia kwa upole kabisa kwamba Chura akilala, kazi ya ukaguzi nayo italala, na mimi nitaondoka na wale watakaopunguzwa mwezi wa sita. Upole wake ndio ulionitisha. Siku hiyo hiyo nikakuandikia.

Mpya hazipatikani hata Arusha, na kama zingepatikana ungeuza vitunguu na shamba lenyewe. Nikaenda Katesh siku ya mnada, kwa Sulle, fundi pikipiki anayeuza vyuma vilivyotumika. Akanitandikia jozi tatu juu ya gunia. Ya kwanza iling'aa kwa rangi nyeusi mbichi. Nikapitisha kidole pale ufito wa chuma unapoingilia, kikatoka na mafuta. Aliyeipaka rangi alikuwa anaficha uvujaji. Ya pili ilikuwa ya kiwanda kile kile kilichomtengeneza Chura, nikaitamani sana, lakini fito zake zilikuwa na vijitundu vya kutu, na vijitundu hivyo hukata mpira wa ndani kama msumeno. Ya tatu ilitoka kwenye pikipiki kubwa ya mapadre iliyopata ajali. Haikuwa ya Chura hata kidogo, ndefu kwa vidole viwili, na matundu ya bolti membamba. Nikailalia kwa uzito wangu wote. Ikashuka kwa shida, ikapanda taratibu bila kurukaruka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Inayorudi juu kwa haraka ni springi tu, ndani haina kitu. Sulle akasema nachagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikamwambia bora ng'ombe, maana yeye hapakwi rangi.

Nikachukua hiyo ya tatu. Sulle akatoboa matundu, akasogeza kishikio cha juu, na hela yako ikabaki ya nauli na soda moja. Nilirudi nikiimba, Dada.

Rahisi ghali. Siku ya nne ufito wa kushoto ukapinda. Nikarudi Katesh nimevimba kwa hasira, Sulle akanipa ile jozi yenye vijitundu bila kunidai, ili tu niondoke dukani kwake. Hiyo nayo ilimaliza siku sita. Na zote mbili zilifia mahali pamoja: bloku ya tisa, kwenye njia ya kupulizia dawa, penye kimuinuko kisichofika hata goti.

Katika wiki hizo hizo kulikuwa na jambo la Gidahosh. Huyu ni Mbarbaig, mfugaji wa makamo kama mimi, anayetuletea maziwa kambini. Siku moja aliniuliza kwa adabu kama mimi ninayezunguka bloku zote sijaona mahali popote udongo ulipoinuka, kwa sababu baba yake alizikwa huko kabla shamba halijapanuliwa. Alisema mama yake amezeeka, miguu haimbebi tena, na hataki kitu kingine hapa duniani isipokuwa kuketi kwenye kaburi la mume wake kabla hajamfuata. Walishajaribu mara mbili, walinzi wakawafukuza. Na hata wakiachiwa, alisema, hawajui waanzie wapi, maana kila mti na kila njia waliyoijua imelimwa, na ngano yote inafanana.

Nikamjibu sijaona. Wiki iliyofuata akauliza tena, akaongeza kwamba mama sasa hali chakula. Nikajibu vilevile, nikamlipa maziwa yake. Meneja alikuwa ameshatangaza mkutanoni kwamba mfanyakazi yeyote atakayewaonyesha wafugaji kaburi ndani ya ngano ataondoka siku hiyo hiyo, kwa sababu likikubalika kaburi moja itadaiwa bloku nzima. Nikajiambia nimemjibu hivyo kwa sababu ya tangazo. Mtu mwenye watoto wawili shuleni na nyumba ya kambi atajibu vipi tena? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiuliza nikila, nikifua, nikifunga bolti. Angela mke wangu akachoka, akaniambia kama nataka kuzungukazunguka hivi nizunguke nje, nisimkanyagie moto.

Basi Sulle akapata habari kwamba nasema vyuma vyake ni takataka. Fundi ana jina lake. Alipanda lori la soda hadi kambini aje aone mwenyewe, akamfungia Chura springi za muda, akakaa nyuma yangu tukazunguka. Tulipotoka bloku ya tisa akanigonga bega nisimame. Akaniuliza kwa nini kila tuta napunguza mwendo isipokuwa lile moja. Alisema pale naongeza mafuta, tena nafumba macho, ameniona alipochungulia begani. Alisema kimuinuko chenyewe hakiwezi kuvunja hata baiskeli mtu akikipita polepole, na kwamba hata angenifungia shokapu za lori ningezivunja, kwa hiyo nisitafute jozi nyingine mpaka nijue dereva ana nini. Nilicheka. Kisha nikashindwa kupanda tena. Tukarudi yeye akiendesha.

Sasa ndipo nafika, Dada. Keti kwanza.

Bloku ya tisa niliifungua mimi, mwaka 1980, nikiwa dereva wa trekta. Nilikuandikia wakati ule kwa majivuno, ukawasomea majirani. Sikukuandikia kwamba katikati ya ile nyika palikuwa na kilima cha udongo kilichokandikwa vizuri na kuzungushiwa miti iliyokuwa imeanza kuchipua. Msimamizi aliponiuliza nimepita juu ya nini, nikasema kichuguu, na kwenye daftari akaandika kichuguu. Waliniamini kwa sababu natoka milimani, na mtu wa milimani huenda kweli asijue kaburi la mzee wa Kibarbaig linavyokuwa. Mimi nilijua. Na hata kama ningekuwa sijui, mbele yake alisimama mwanamke peke yake, amenyoosha mkono, na mkononi ameshika majani mabichi.

Unajua maana yake kwetu, na kwao ni ile ile. Hata watu walionyanyuliana mikuki, mmoja akishika majani mwenzake husimama. Mama alitulea hivyo, hata tulipokuwa tukipigana mimi na wewe uwanjani. Niliyaona majani yale, Dada. Sikuzuiwa na vumbi wala jua. Nilikuwa na ekari za kumaliza ili nipate posho, na matrekta mawili yalikuwa yananifuata nyuma, nikaona haya kusimama mbele ya wenzangu kwa ajili ya mkono wa mwanamke. Nikakanyaga mafuta, nikafumba macho. Aliyesogea ni yeye.

Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu imechukua miaka kumi na miwili. Alhamisi nilimwomba Sulle ile jozi nyeusi inayovuja, kwa kuwa sikuhitaji idumu zaidi ya siku moja. Saa nne asubuhi nikaenda hadi bomani kwa Gidahosh. Nikamketisha mama yake juu ya magunia, Gidahosh akatembea kando akimshika, na Chura alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Walinzi walituona. Hatukujificha. Kwenye kile kimuinuko nikazima mashine, nikasema ni hapa. Kisha nikawaambia nimejuaje. Gidahosh aliacha kutafsiri katikati, nikadhani atanipiga, na ningemwacha. Akamalizia kutafsiri.

Yule mama hakulia. Aliomba ateremshwe, akatenganisha ngano kwa mikono, akagusa udongo, akaweka majani yake, akaongea na mume wake mambo ambayo sikuyaelewa wala hayanihusu. Baadaye aliniuliza kupitia kwa mwanawe kama mama yangu yupo. Nikasema alikufa. Akauliza kaburi lake liko wapi. Nikasema liko Tlawi, nyuma ya nyumba ya dada yangu, na dada ndiye anayeling'olea magugu. Akauliza mara ya mwisho niliketi pale lini. Nikageuka, nikaenda kumwasha Chura.

Ijumaa nilipewa barua ya kuachishwa kazi. Kabla ya kufungasha nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaandika na kutia sahihi kwamba kile si kichuguu. Kama bloku itarudishwa au haitarudishwa, hilo liko juu ya wakubwa. Hela yako imepotea, na kazi niliyotaka kuiokoa kwa hela hiyo imepotea pia. Ukasirike, lakini ukasirike nikiwa mbele yako.

Mpe shemeji shikamoo yangu, na watoto uwaambie mjomba anawakumbuka mmoja mmoja. Angela na wanetu wanakusalimu. Watabaki hapa mpaka shule zifungwe. Mimi nafika Jumamosi kwa gari la Mbulu. Usichinje kitu, na majirani usiwaambie nimekuja likizo. Tangu siku ya mazishi ya mama sijaligusa kaburi lake. Kila mwaka nilikuandikia kwamba kazi imenibana, ukaniamini, na haikuwa kazi. Niliogopa kusimama mbele ya kaburi lolote. Kwa hiyo ukiniona Jumamosi napita mlangoni kwako bila kubisha hodi, usiniite. Nitakuwa naenda kule nyuma kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Yoakimu Margwe